Usiandike Popote

Fomu ya kuomba chuo kikuu ilikuwa na mistari mitatu, na Jepkosgei alikuwa amejaza miwili. Wa kwanza aliandika udaktari wa mifugo. Wa pili aliandika kilimo. Wa tatu aliuacha kama alivyoukuta.

Bwana Kituyi, mwalimu mkuu, aliishika ile fomu kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota soksi isiyo yake.

"Hapa pako wazi," alisema.

"Ndiyo, mwalimu. Nimepaacha."

"Hapaachwi. Andika ualimu."

"Sitaki ualimu, mwalimu."

Bwana Kituyi hakuwa mtu mbaya. Miaka sita alikuwa ameiongoza ile shule ya wasichana nje kidogo ya mji wa Eldoret, na kila msichana aliyefika chuo kikuu alimwandika kwa mkono wake kwenye ubao uliokuwa ukutani nyuma ya kiti chake. Majina yalikuwa kumi na moja. Mwaka huo wa 1973 alitaka yafike kumi na tano. Alimweleza Jepkosgei kwa upole kwamba nafasi za udaktari wa mifugo ni za kuhesabu, na vijana wa kiume wa nchi nzima wanazipigania. Kilimo nacho ni vivyo hivyo. Ualimu ndio wenye mlango mpana.

"Akiba haiozi," alisema.

"Nikiandika ualimu, watanipa ualimu."

"Na wakikupa, kuna ubaya gani?"

"Nitakuwa mwalimu."

Bwana Kituyi alimtazama juu ya miwani. "Na mimi ni nani?"

Jepkosgei aliona ameteleza, lakini hakurudi nyuma. "Wewe ni mwalimu, na shule ilipata mzuri. Mimi nitakuwa mbaya."

Mwalimu mkuu hakucheka. Alimwambia aiache fomu mezani, yeye ataitia sahihi na kuituma pamoja na za wenzake.

Ukaidi huo Jepkosgei hakuufundishwa shuleni. Aliupata nyumbani, kwenye mteremko wa mawe upande wa Sergoit, ambako jembe la mama yake lililia kutwa nzima kila msimu wa kulima.

Baba yake, Mzee Wilson, alikuwa amekamua ng'ombe wa mzungu miaka kumi na minne. Uhuru ulipokuja, mzungu alikaa kidogo, akasikiliza upepo, halafu mwaka wa 1966 akauza shamba na kuondoka. Wafanyakazi wake na watu wengine wa kando walijiunga wakafanya kampuni, wakanunua. Siku ya kugawa, karani wa kampuni alizunguka na daftari, akimuuliza kila mwanachama angependa wapi, na akikosa hapo, wapi tena. Wilson alitaka kando ya mto, alikochunga tangu ujana wake. Alipoulizwa la pili aliona haya kuonekana mlafi mbele ya watu. Akasema, "Popote."

Jirani yake, Kipkorir, alitaka pale pale mtoni. Karani alipomuuliza na akikosa, Kipkorir alisema, "Andika mto tena."

Kipkorir akapewa mto. Wilson akapewa popote. Hakuna aliyekuwa amemdhulumu. Karani alikuwa na watu wengi wa kuwaridhisha, na yule anayeridhika upesi ndiye aliyeridhishwa kwanza. Miaka yote iliyofuata, neno hilo halikutajwa katika nyumba yao, kama jina la marehemu mdeni.

Pamoja na ardhi, kila familia ilipata ng'ombe wachache wa gredi, wale wa kizungu wenye maziwa mengi, waliobaki kwa mzungu. Kwa Wilson walikuja watatu. Ndigana, homa iletwayo na kupe, ikawachukua wawili kabla ya miaka miwili kuisha. Jepkosgei alikuwa na miaka kumi na minne alipokaa na yule wa pili bandani, tezi za chini ya masikio zimevimba kama viazi, pumzi inavuta na kusukuma kama mivukuto ya mhunzi. Bwana wa mifugo alifika kutoka mjini wakati ngozi ilikuwa tayari imeanikwa. Jepkosgei hakulia. Alimfuata yule bwana hadi kwenye gari lake, akamuuliza ugonjwa unaingilia wapi, kwa nini ng'ombe wa kienyeji wa Kipkorir hawafi, na mtu husoma wapi hadi kujua mambo hayo. Swali la mwisho lilijibiwa kwa neno moja: Kabete. Huko, kando ya Nairobi, ndiko madaktari wa mifugo walikofundishwa, na tangu siku hiyo aliishi na neno hilo.

Habari za fomu zilimfikia Bi Tryphosa Musimbi, mwalimu wa biolojia, kabla ya chakula cha mchana. Alimwita Jepkosgei maabara, akampa kitambaa, wakawa wanafuta vioo vya majaribio pamoja.

"Nasikia umeukataa ualimu mbele ya mwalimu mkuu."

"Nilikataa wangu, mwalimu. Sikukataa wake."

Bi Musimbi alikiinua kioo kimoja akakitazama kwenye mwanga wa dirisha. "Mimi nilitaka kuwa daktari wa watu. Niliandika ualimu wa pili, nikafikiri ni kujaza nafasi tu. Sisemi najuta. Lakini tangu siku hiyo, hakuna mtu ameniuliza tena nilitaka nini." Akakiweka kioo chini. "Sasa wewe ukikosa Kabete, utaenda wapi?"

Jepkosgei alikifuta kioo chake mara ya pili. Kusema kweli, alikuwa ametumia nguvu zake zote kukataa, hata hakubakiza za kufikiria mbele.

"Basi huo bado si mpango," alisema Bi Musimbi. "Huo ni ubishi, na ubishi bila njia ni kelele. Ualimu ni njia ya pili ya Bwana Kituyi. Tafuta ya kwako. Tafuta inayoelekea kule kule unakotaka, ili ukianguka, uangukie mbele."

Ndipo alipomweleza habari za Njoro. Kule, katika chuo cha kilimo cha Egerton, palikuwa na diploma ya mifugo, miaka mitatu. Maombi yao hayakupitia kwenye ile fomu. Mtu aliandika mwenyewe moja kwa moja. Na Bi Musimbi alikuwa amesikia kwamba waliofanya vizuri sana pale, mmoja mmoja, waliwahi kukubaliwa Kabete kwa mlango wa pembeni. Ila ombi lingekuwa na nguvu likiambatana na barua ya mtu wa ofisi ya mifugo anayeijua kazi ya mwombaji.

"Nani anaijua kazi yako?"

"Ng'ombe," alisema Jepkosgei.

Kwa mara ya kwanza Bi Musimbi alitabasamu. "Hao hawaandiki. Tafuta mwingine."

Desemba mtihani ulikwisha, Jepkosgei akarudi nyumbani na sanduku lake la bati. Baba yake alikuwa na wimbo mmoja tu. Mwalimu ana mshahara wa kila mwezi. Mwalimu ana nyumba. Mwalimu huitwa mwalimu hadi kaburini. "Sasa wewe usome miaka yote hiyo ndio ukuje kushika ng'ombe mkia?" alimuuliza. "Hiyo kazi mimi nilifanya bila kwenda shule." Mama yake, Rael, hakusema kitu. Katika nyumba ile, kimya cha Rael kilikuwa na uzito wake, lakini Jepkosgei hakujua umeelekea upande gani.

Kila Alhamisi ng'ombe wa shamba lote walipelekwa kuogeshwa dawa ya kupe kwenye josho, lile lile lililojengwa na mzungu. Mwenyekiti wa josho alikuwa Kipkorir. Mwaka ule mvua ilikuwa nyingi, na mtaro wa juu ulikuwa umebomoka. Jepkosgei alisimama siku ya kwanza akatazama tu: ng'ombe wanaruka ndani, wanaogelea, wanapanda upande wa pili wakichuruzika. Kila kitu kilikuwa sawa kwa macho. Lakini Jumapili, alipokuwa akikamua, aliingiza kidole kwenye sikio la ng'ombe wao wa mwisho, akatoa kupe. Kupe akatembea kwenye kiganja chake bila haraka yoyote. Akatoa mwingine. Naye akatembea.

Alitafuta chupa ya jamu, akatoboa kifuniko kwa msumari, akaanza kukusanya.

Alhamisi iliyofuata alimwendea Kipkorir mbele ya wanaume waliokuwa wameegemea ua wa josho.

"Mzee, hii dawa imepungua nguvu."

Kipkorir alinyoosha fimbo yake kuelekea ufito wa vipimo. "Josho limejaa mpaka alama. Huoni alama?"

"Naona, Mzee. Imejaa maji ya mvua. Yanaingilia pale mtaro umevunjika. Nyinyi mkiona imefika alama mnajua hakuna haja ya kuongeza dawa. Ni kama chai ya watu wanne ukiongeza maji inywewe na watu kumi na wawili. Kikombe kitajaa, lakini hiyo si chai."

"Mtoto wa Wilson," Kipkorir alisema taratibu, "umesoma mpaka umefika mahali pa kutufundisha kuogesha ng'ombe?"

Wanaume wakacheka. Baba yake alikuwa miongoni mwao. Hakucheka, lakini pia hakuinua macho kutoka kwenye viatu vyake. Jepkosgei aliuona uso wake ukiwaka kwa aibu, na ile aibu ikamuuma kuliko kicheko. Alisimama pale pale hadi ng'ombe wao alipopita. Hakuna aliyemwona akifuta jicho, kwa sababu hakufuta.

Jumatatu alfajiri alipanda lori la maziwa, akapita Chepkoilel, akashuka mjini Eldoret na chupa yake imefungwa kwenye leso. Ofisi ya mifugo ilikuwa na benchi moja na watu tisa, wote wanaume. Zamu yake ilipofika, Bwana Kiarie, afisa wa mifugo, aliuliza bila kuinua kichwa kama ametumwa na baba yake.

"Nimejituma," alisema Jepkosgei, akaiweka chupa juu ya makaratasi yake. "Hawa waliogeshwa Alhamisi. Leo ni Jumatatu."

Bwana Kiarie alivaa miwani. Kupe walikuwa wanapanda kioo cha chupa na kuanguka, wanapanda tena.

"Josho lina ukubwa gani?"

Jepkosgei akamwambia urefu, upana na kina, kwa kuwa alikuwa amepima kwa kamba. Akamwambia pia maji yaliongezeka kiasi gani kwa makadirio yake, na kwamba kwa hesabu yake dawa imebaki theluthi moja ya nguvu inayotakiwa.

"Hiyo hesabu umefanyiwa na nani?"

"Niulize tena kwa njia nyingine, bwana afisa. Nitakupatia jibu lile lile."

Siku ya pili Land Rover ya serikali ilisimama karibu na josho. Bwana Kiarie alichota maji kwenye chupa tatu, akazipeleka kupimwa. Majibu yalirudi baada ya siku kumi na saba, na yalikuwa chini hata ya theluthi. Josho lilikaushwa, mtaro ukatengenezwa, dawa ikachanganywa upya. Bwana Kiarie alimwambia Kipkorir, mbele ya wale wale waliokuwa wameegemea ua, kwamba kuanzia sasa kipimo kitachukuliwa kila Alhamisi na kuandikwa, na atakayekichukua ni huyu msichana.

Kipkorir hakuomba msamaha. Lakini wiki ya tatu alimwita kando, akamwonyesha mtamba wake, akasema, "Mwangalie masikio."

Alhamisi zote hadi Aprili Jepkosgei alisimama kwenye moshi wa vumbi na harufu ya dawa, kitambaa kichwani, kijiti cha kipimo mkononi. Mwishowe Bwana Kiarie akamwandikia barua ya kwenda Njoro. Ilikuwa na mistari sita. Hakumsifu. Aliandika alichoona, na Jepkosgei akaituma pamoja na ombi lake.

Matokeo ya mtihani yalikuwa yametoka mwezi wa Machi. Yalikuwa mazuri, bali si yale ya kuvunja milango. Juni ikaja bahasha ya chuo kikuu. Jepkosgei aliifungua akiwa amesimama nje ya posta ya Eldoret, watu wakimpita huku na huku. Alikuwa amekubaliwa. Alikuwa amekubaliwa kusomea ualimu.

Aliisoma mara tatu, akidhani jina ni la mwingine. Kisha akaikunja, akatembea kwa miguu hadi shuleni.

Bwana Kituyi alimpokea kwa mikono miwili. Jina lake lilikuwa tayari ubaoni, la kumi na nne, rangi haijakauka vizuri.

"Mwalimu, mimi sikuandika ualimu."

"Niliandika mimi," alisema Bwana Kituyi bila kuficha. "Ule mstari ungebaki mtupu, leo ungekuwa huna kitu. Siku moja utanishukuru."

"Mwandiko si wangu."

"Nafasi ni yako."

Jepkosgei aliomba karatasi. Bwana Kituyi, akifikiri anataka kuandika ya kukubali, alimpa karatasi na kalamu yake mwenyewe ya wino. Jepkosgei aliketi pembeni mwa meza, akaandika pole pole, akausukuma ukurasa kwake ausome. Aliwashukuru wakuu wa chuo, akawaarifu kwamba hataichukua nafasi hiyo, na kuomba ipewe mtu anayeitaka.

Mwalimu mkuu alivua miwani. "Unakataa digrii."

"Nakataa hii."

"Bi Musimbi aliniambia uliomba Njoro. Wamekujibu?"

"Bado."

"Kwa hiyo sasa hivi, Jepkosgei, una nini mkononi?"

"Kalamu yako, mwalimu," alisema, akamrudishia.

Habari zilifika nyumbani kabla yake. Mzee Wilson alikuwa amesimama mlangoni akimngoja.

"Chuo kikuu," alisema. "Katika ukoo wetu wote, hakuna mtu amewahi kuitwa chuo kikuu. Wewe umeitwa, ukasema hapana."

"Hawakuniita mimi, Baba. Waliita yule aliyeandikwa na mwalimu."

"Usinichezee na maneno. Kitu kikitolewa, mtu anashika. Anashika kwanza, halafu mengine baadaye."

Jepkosgei alijua kwamba analotaka kusema likishatoka halitarudi. Alilisema. "Baba, wewe uliandikisha popote."

Kuku walisikika wakichakura nyuma ya nyumba. Ndipo Rael, aliyekuwa ameinama akipepeta mtama, akanyanyuka na ungo wake.

"Ni kweli amesema," alisema. "Mawe ya hiyo popote, mimi ndiye ninayelima."

Mzee Wilson alichukua kofia yake akatoka, na siku tatu hakumsemesha binti yake wala mkewe. Siku ya nne alivaa koti lake la kanisani ingawa ilikuwa Jumatano. Alikwenda shuleni, akapanda ngazi za ofisi, akakataa kiti alichopewa. Aliyoyasema huko Jepkosgei alikuja kuyasikia kwa Bi Musimbi, ambaye mlango wake ulitazamana na wa ofisi. Mzee alisema, "Mwalimu, nakuheshimu. Lakini usimwandikie tena mtoto wangu kitu ambacho hakusema."

Jioni alimkuta Jepkosgei akifunga ndama. Alisimama upande wa pili wa boma.

"Sijakubali," alisema. "Bado naona umekosea. Lakini kukosea huku ni kwako, na utabeba mwenyewe."

"Nitabeba, Baba."

Wiki saba zilipita. Majirani walimsalimia kwa sauti ya chini, kama wanavyosalimia nyumba yenye msiba. Wenzake wa shule walikuwa wanashona nguo za kwendea Nairobi. Wako waliosema amelogwa, wako waliosema ana mimba. Jepkosgei alikwenda kanisani na kuketi mahali pake pa kila siku, na Alhamisi alikwenda josho. Usingizi ulimpaa mara nyingi. Usiku mwingine alijiona mjinga kabisa. Asubuhi, hata hivyo, kila alipojiuliza kama angeweza kuichukua tena ile barua ya kukataa, angeichukua, jibu lilikuwa hapana, akavaa viatu.

Barua ya Njoro ilifika Agosti. Walimtaka kwanza kwa mahojiano, halafu wakamchukua. Darasani mwao wasichana walikuwa wanne. Viatu vya mpira vya chuo vilikuwa vikubwa kwa miguu yake, akavijaza magazeti mbele. Alisoma miaka mitatu, akamaliza wa pili katika kundi lake, akaiandikia Kabete. Wakamjibu kwamba hakuna nafasi. Alipelekwa kazini upande wa Lessos, miaka miwili akizunguka majosho na mazizi kwa baiskeli, wakulima wakimuuliza mwanzoni bwana mifugo mwenyewe yuko wapi, na baadaye wakiacha kuuliza. Akaandika tena, akakataliwa tena. Akaandika mara ya tatu, na safari hii aliambatanisha barua tano za watu waliomjua, moja ikiwa ya Bwana Kiarie, ambayo sasa ilikuwa imefika mistari kumi.

Alikubaliwa mwaka wa 1979, akiwa na miaka ishirini na sita. Mzee Wilson aliishika ile barua karibu na dirisha, akaisoma neno kwa neno kwa Kiingereza chake cha zizini, kisha akauliza digrii hiyo itachukua miaka mingapi. Aliposikia ni minne alitikisa kichwa, akasema hiyo ni mingi, akatoka kwenda kuwaambia majirani.

Ukumbi wa Kabete ulijaa vijana wa kiume wa miaka kumi na tisa na ishirini, mashati mapya, vidole visivyo na alama yoyote ya kazi. Walipomwona anaingia walidhani ni mhadhiri, wakanyamaza. Walipojua ni mwanafunzi mwenzao, mmoja wa nyuma akamwita Mama, na kicheko kikapita safu hadi safu.

Jepkosgei aliitikia, akatafuta kiti cha mbele kabisa, akaketi.